Damu ya Shangazi Kwenye Friza

Shangazi alichukua ungo wake wa dagaa, akaupangusa kwa upindo wa kanga, akamwaga juu yake vidonge vyote vilivyobaki kwenye bahasha ya dawa.

"Hesabu. Si wewe mtu wa maabara? Hesabu."

Nikahesabu. Bahasha iliandikwa vidonge 90, vitatu kila usiku, na tarehe. Zilishapita siku 19. Vitatu mara kumi na tisa ni 57. Vilitakiwa vibaki 33, na pale juu ya ungo, katikati ya magamba makavu yaliyoishinda kanga, vilikuwapo 33.

"Haya, mwongo nani?"

Asubuhi ile tulikuwa tumetoka kliniki ya afya ya akili. Tabibu, kijana mpole ambaye sina ugomvi naye, alipitia daftari la shangazi kurasa mbili tatu, akamtazama, akasema: "Mama, dawa ungekuwa unaimeza kama tulivyokubaliana, hadi leo tungeshaona nafuu." Shangazi hakujibu. Huyu ni mtu aliyefanya biashara ya dagaa pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma, zaidi ya miaka ishirini, anayeweza kubishana na mwenye mtumbwi mpaka mwenye mtumbwi ashushe bei ili tu aachwe apumue. Pale kliniki aliinama akawa anaangalia viganja vyake. Kunyamaza kule kulinitisha kuliko ugonjwa wenyewe.

Tabibu akaandika tuendelee na vitatu, akaongeza kwa kalamu nyekundu: *asimamiwe kumeza dawa*. Msimamizi nikawa mimi.

Sonona, ule ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha, ilimwingia polepole. Hakukuwa na msiba wala hasara ambayo mtu angeinyooshea kidole. Alianza kuamka saa nane za usiku na kukaa kitako hadi kuche. Majirani wakasema ana mawazo. Wengine, kwa sauti ya chini, wakasema kuna mtu anamchezea. Binti yake alinipigia simu siku ile mvua ilipowaloanisha dagaa wote kichanjani, na mama yake amekaa barazani anawatazama tu. Mtu wa Kigoma ataelewa uzito wa sentensi hiyo bila mimi kuongeza neno.

Akapewa amitriptilini. Huku kwetu wengi huviita "vidonge vya usingizi", na jina hilo limeshaharibu mengi, kwa sababu mtu akishapata usingizi anaona dawa imemaliza kazi yake. Ni dawa ya zamani, ipo tangu miaka ya mwanzo ya 1960, bei yake nafuu, na Shirika la Afya Duniani bado linaiweka kwenye orodha ya dawa muhimu pamoja na fluoksetini, dawa nyingine ya sonona. Shangazi alianza na kidonge kimoja cha miligramu 25, vikawa viwili, vikawa vitatu. Usingizi ukarudi. Furaha haikurudi. Badala yake kinywa kikakauka "kama nimelamba majivu", choo kikawa kigumu, na akisimama ghafla kizunguzungu kinamshika.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kwamba sisi watatu, yeye, tabibu na mimi, tulikuwa tunabishana juu ya kitu ambacho hakuna aliyekiona. Mgonjwa asiyepata nafuu huenda hamezi dawa. Huenda anameza, lakini mwili wake unaivunja haraka kiasi kwamba haifiki kiwango cha kufanya kazi. Huenda mwili unaivunja polepole mno na dawa imemjaa kupita kiasi. Au dawa iko sawasawa kwenye damu, ila si dawa yake. Ukiwa umekaa upande ule wa meza ya kliniki, hawa wote wanne wana sura moja: mtu mwenye huzuni, na daftari. Na kwa kila mmoja hatua sahihi ni tofauti. Ukimwongezea dozi yule wa tatu unamtia hatarini.

Mimi kazi yangu ni kutoa majibu ya namna hiyo. Kutwa nzima nafunga watu mpira mkononi, natafuta mshipa, najaza tyubu. Sukari, figo, ini, wingi wa virusi vya UKIMWI. Nikawa najiuliza mbona hili nalo hatulipimi. Usiku huo nikakaa na simu, nikasoma mpaka bando likaisha.

Kumbe linapimwa, na si jambo la jana. Mwaka 1967 watafiti wa Sweden walionyesha kwamba ukiwapa watu dozi ileile ya dawa za jamii hii, kiwango kwenye damu kinaweza kutofautiana kati ya mtu na mtu kwa zaidi ya mara 10. Dozi moja! Mwaka 1971 Marie Åsberg na wenzake, huko huko Sweden, wakachukua wagonjwa wachache wa sonona waliokuwa wakitumia nortriptilini, ndugu wa amitriptilini, wakapima damu, wakalinganisha na hali zao. Waliopata nafuu zaidi walikuwa na kiwango cha katikati, nanogramu 50 hadi 139 kwa kila mililita. Waliokuwa chini ya hapo walipata nafuu kidogo. Na waliokuwa *juu* ya hapo nao walipata kidogo.

Mstari huo niliurudia mara tatu. Nimezoea kufikiri kwamba dawa ikizidi inaleta sumu, hilo kila mtu analijua. Sikuwahi kufikiri kwamba dawa inaweza kuzidi ikaacha kuponya, hata kabla haijawa sumu, kama chumvi kwenye mchuzi wa migebuka.

Na nortriptilini hainihusu kwa mbali. Ini likishapokea amitriptilini, kimeng'enya (protini ya mwili inayovunja na kubadili dawa) kinachoitwa CYP2C19 huigeuza sehemu yake kuwa nortriptilini, nayo ni dawa kamili. Halafu kimeng'enya kingine, CYP2D6, ndicho kinachosaidia kuziondoa. Kwa hiyo maabara inayopima amitriptilini inapima mbili, mama na mtoto, inajumlisha. Wataalamu wa Ujerumani na nchi jirani, kundi linaloitwa AGNP, walitoa mwongozo wao mwaka 2004, wakaurekebisha 2011 na tena 2017: jumla ya hizo mbili iwe kati ya nanogramu 80 na 200 kwa mililita, na ikifika 300 maabara ipige simu kwa daktari bila kusubiri. Dawa za jamii ya amitriptilini wameziweka kwenye daraja la juu kabisa la zile zinazostahili kupimwa. Fluoksetini na baadhi ya ndugu zake ziko chini kidogo, maana nafasi kati ya dozi inayosaidia na dozi inayodhuru ni pana zaidi.

Kwa wasiozoea vipimo hivi: nanogramu ni sehemu moja ya bilioni ya gramu. Chukua tyubu ya damu ya mililita 5 ya mtu mwenye kiwango cha 200. Dawa yote iliyomo ndani haifikii hata punje moja ya chumvi ya Uvinza. Ndiyo maana huwezi kuipima kwa kijiti kama malaria. Inataka mashine inayotenganisha molekuli na kuzitambua kwa uzito wake, na mtu aliyesomea kuiendesha. Kwetu haipo.

Kilichonigusa zaidi ni habari za vimeng'enya vyenyewe, kwa sababu humo tumo na sisi. Mwaka 1999 ulichapishwa utafiti uliofanywa kwa Watanzania ukaonyesha kwamba uwezo wa CYP2D6 kwa wengi wetu ni mdogo kuliko ungetarajia kwa kulinganisha na Wazungu. Kuna aina ya jeni ya kimeng'enya hicho, *17, ambayo ni ya kawaida Afrika na inafanya kazi kwa kusuasua. Mwaka mmoja kabla, utafiti mwingine kwa Watanzania ulikuta jambo linalofanana kwa CYP2C19. Na msiseme basi Waafrika wote tuko hivyo: Ethiopia, mwaka 1996, ilionekana kwamba karibu asilimia 29 ya waliopimwa wana nakala za ziada za jeni ya CYP2D6, yaani wao wanaivunja dawa mbio mbio. Anayeandika dozi moja kwa "mgonjwa wa Kiafrika" anaandika kwa mtu ambaye hayupo.

Nikamwendea mkuu wangu wa maabara. Nikamwomba nimtoe shangazi damu, nihifadhi plazima, yale majimaji ya damu yakishatenganishwa na chembe, huku natafuta pa kuipeleka. Akanitazama kwa muda. "Ridhaa yake unayo?" Ninayo. "Usiiandikishe kwenye rejista ya wagonjwa. Na isikae karibu na sampuli za watu."

Kanuni ya kipimo hiki ni saa. Damu itolewe saa 12 hivi baada ya kumeza dozi ya usiku, kabla ya kumeza nyingine. Na mtu awe amekaa kwenye dozi ileile kwa muda wa kutosha, wiki moja au zaidi kwa amitriptilini, ili kinachoingia na kinachotoka vilingane. Hesabu ya Kiswahili iko tayari: ukimeza saa mbili usiku, utatolewa saa mbili asubuhi. Na tyubu isiwe ya ile yenye jeli katikati. Jeli inazinyonya dawa hizi na majibu yanashuka kwa uongo. Nikatumia ya kofia ya zambarau.

Akaja saa mbili kamili, amevaa vizuri kama anakwenda harusini. Nikamfunga mpira. Mishipa ya shangazi ni ya mtu aliyebeba ndoo maisha yake yote, unaiona kutoka mlangoni. Tyubu ikajaa. Nikaipindua taratibu mara nane, kama tulivyofundishwa, nikaiweka kwenye mashine ya kuzungushia, na wakati inazunguka nikamuuliza kwa kutimiza wajibu tu: "Jana ulimeza saa mbili usiku, sivyo?"

"Jana? Jana nilimeza saa nne asubuhi."

"Kwa nini asubuhi?"

Akanitazama kama vile mimi ni mgeni mjini. "Si giza hili, baba."

Kwa wasomaji wa mbali: dagaa wa Ziwa Tanganyika huvuliwa usiku usio na mwezi, kwa taa. Wakati wa giza mitumbwi inarudi alfajiri, na anayetaka dagaa wazuri anakuwa mwaloni kabla hakujapambazuka. Shangazi akimeza vidonge vitatu saa mbili usiku, haamki. Kwa hiyo kipindi chote cha giza alikuwa anavimeza saa nne asubuhi, akishamaliza kuanika, ndipo analala. Mbalamwezi ikiingia, mitumbwi ikapumzika, anarudi kwenye saa mbili usiku. Hakumwambia tabibu, kwa sababu tabibu alimuuliza kama anameza, na yeye anameza.

Hesabu ya kwenye ungo ilikuwa sahihi kabisa. Ila damu niliyokuwa nayo kwenye mashine ilikuwa ya saa 22 baada ya dozi. Ningeipeleka Ulaya ikarudi na namba, ile namba ingeonekana ndogo, na mtu angesema: mnaona, hamezi. Nikaimwaga.

Nikasubiri mbalamwezi. Siku ya saba ya mbalamwezi, akiwa amemeza saa mbili usiku siku zote hizo, na safari hii mimi mwenyewe nimekaa sebuleni namwona, nikamtoa tena. Plazima ikatoka safi, ya njano ya mawese yaliyochujwa. Nikaandika herufi zake mbili, tarehe, saa ya kumeza, saa ya kutolewa. Nikaiweka kwenye friza, kona ya chini.

Kisha nikaanza kupiga simu. Nitafupisha, maana ni habari ya kuchosha. Wa kwanza alidhani naulizia kipimo cha dawa za kulevya. Wa pili alisema wanaweza kuituma nje ya nchi, akanitajia bei, nikaigeuza kuwa magunia ya dagaa kichwani, nikamshukuru. Wa tatu aliniambia atanirudia. Sampuli za wingi wa virusi tunazisafirisha kila wiki, na matone ya damu ya watoto wachanga yamekuwa yakisafiri kwenye kadi kavu miaka mingi sasa, yanafika, majibu yanarudi. Utaalamu wa kupima dawa za sonona kwenye matone makavu kama hayo nao upo. Reli kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,200, na kilomita hizo hazijawahi kuwa sababu ya kutompima mtu virusi. Namba moja tuliamua inafaa kusafirishwa. Nyingine hatujaamua. Huo ni mtazamo wangu, na ninausema nikijua bajeti ya hospitali ilivyo.

Wakati nasubiri kurudiwa, shangazi akashikwa na malaria.

Akaenda zahanati ya mtaani, kipimo kikasoma, akapewa dawa mseto: vidonge 24, vinne vinne, asubuhi na jioni, siku tatu. Hakuna aliyemuuliza kama anatumia dawa nyingine. Na yeye hakusema, kwa sababu "vidonge vya usingizi" kwake si dawa ya kutajwa ukiwa na homa. Usiku wa pili binti yake akanipigia, mama ameanguka mlangoni mwa choo, anaongea mambo yasiyoeleweka. Nilimkuta amekaa sakafuni, ngozi kavu na ya moto, ananiita kwa jina la marehemu baba yangu. Nikamshika mkono nikahesabu mapigo: 124 kwa dakika.

Homa ya malaria peke yake inaweza kufanya yote hayo. Lakini lumefantrini, mojawapo ya dawa mbili zilizomo kwenye mseto, inaizuia CYP2D6, mlango ule ule ambao amitriptilini na mtoto wake wanatokea. Na lumefantrini na amitriptilini zote zinaweza kugusa umeme wa moyo. Maelezo ya watengenezaji wa dawa mseto yanatahadharisha kuhusu dawa za jamii ya amitriptilini. Ni karatasi ndogo, maandishi ya sisimizi, na mara nyingi hutupwa pamoja na boksi kabla dawa haijafika mkononi mwa mgonjwa. Upande wa pili kuna rifampisini ya kifua kikuu, inayofanya kinyume: inaviamsha vimeng'enya, na dawa ya sonona inashuka. Malaria na kifua kikuu, kwa mkoa kama wetu, si magonjwa ya pembeni. Mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya Zurich kule Uswisi hauyapi nafasi tunayoyapa sisi.

Daktari wa zamu alimpima moyo kwa ECG, kipimo kinachochora umeme wa moyo, akakunja uso juu ya karatasi, akasimamisha amitriptilini kwa siku kadhaa na kumlaza. Malaria ikatibiwa. Aliporuhusiwa, tulirudi kliniki kwa yule yule tabibu. Safari hii shangazi aliongea. Alimweleza habari ya giza na mbalamwezi, kwa mapana, kama anamfundisha mtoto wa bara. Tabibu akaandika yote. Kisha akasema kitu ambacho namheshimu nacho mpaka leo: "Mama, mimi nilikuwa nafikiri haujafika. Inawezekana ulishapita." Akashusha dozi kuwa vidonge viwili, na akapanga saa ya kumeza kwa kalenda ya mwezi. Kwenye daftari kuna mstari wa kugawa ukurasa mara mbili, *giza* upande huu, *mbalamwezi* upande ule. (Usomaye haya na unatumia dawa hizi, usishushe mwenyewe. Sisi tulikuwa na ECG na daktari.)

Wiki ya tano akabishana na mwenye mtumbwi. Binti yake alinirekodia kwa simu, kelele tupu, upepo na matusi ya biashara, na mimi nikaisikiliza nikiwa nimesimama nje ya maabara kama mtu anayesikiliza muziki.

Naweza kusema kwamba damu yake ilikuwa imepita kile kiwango cha katikati cha Åsberg na kushushwa ndiko kulikomponya. Inapendeza kusema hivyo. Tabibu anadhani ni usingizi uliokaa kwenye ratiba. Binti yake anasema ni maombi, na alifunga siku tatu, kwa hiyo simbishii. Jibu lipo, limeandikwa saa ya kumeza na saa ya kutolewa, liko kona ya chini ya friza.

Wiki iliyopita tuliyeyusha barafu kwenye friza ile, kazi ya kila robo mwaka. Nilihamisha sampuli moja moja kwenye boksi la baridi, nikaikuta ile ndogo, herufi mbili, wino umefifia kidogo. Mkuu wangu alikuwa amesimama mlangoni. Hakusema kitu, nami sikusema. Nilipomaliza kufuta, nikairudisha.

Jioni nikapita kwa shangazi. "Shikamoo." "Marahaba, baba." Alikuwa anapembua dagaa, yale mawe madogo yanarukia nje ya ungo. Akaniuliza bila kuinua macho:

"Ile damu yangu ilijibu nini?"

"Bado, shangazi."

Akarusha ungo mara mbili, akapuliza makapi.

"Basi iambie mimi nimeshajibu."